Jogoo Aliyewika Msikitini

Ujumbe ule ulikuwa wa sekunde ishirini na tatu, na Mzee Sefu, fundi cherehani wa mtaa wa Magarama, alikuwa ameusikiliza mara nyingi kiasi kwamba midomo yake ilitangulia kila neno. Aliiweka simu katikati ya meza ya Inspekta Efrazia Nizigama, akakunja mikono, akangoja.

"Asalaam aleikum, baba," ilisema simu. "Niko Muyinga. Nimemaliza kusali, niko salama. Nisubirini, mi narudi. Mumtunze Raissa, mumsomeshe."

Ilikuwa sauti ya mwanamume asiyefika miaka arobaini, nayo ilitoka kana kwamba msemaji amesimama ndani ya jumba pana lenye kuta tupu. Kila neno lilifuatwa na mkia wa mwangwi, na neno la mwisho lilichukua muda mrefu kufifia. Kati ya "salama" na "nisubirini", jogoo aliwika mara moja, kwa mbali.

"Ni nani anayesema?" inspekta aliuliza. Jalada la zamani lilikuwa wazi mbele yake, lakini alipendelea kulisikia jibu kutoka kinywani kabla ya kulisoma karatasini.

"Ni Husni, afande. Mtoto wangu."

"Aliondoka lini?"

"Ijumaa hii inafika miaka minne. Alitoka hapa Gitega na mzigo wa vitenge, akasema anapita Muyinga kwenda mpakani Kobero. Bibi yake Swabra alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Kutoka siku ile, hakuna simu, hakuna barua, hakuna mtu aliyemuona."

"Kwa hiyo huyu Raissa hajamwona baba yake."

"Hata siku moja."

"Na jina lake amelijuaje?"

"Voilà!" Mzee alipiga meza kwa kiganja. "Ndiyo sababu nimekuja. Mtu aliyekufa hawezi kujua jina la mtoto aliyezaliwa nyuma yake. Iko hai, afande. Iko Muyinga, na nyinyi mmekaa."

Inspekta alichukua kalamu. Alikuwa amekulia Kigoma, akarejea nchini akiwa na miaka ishirini, na katika kazi ya miaka kumi na tisa alijifunza kwamba mwenye uchungu huachwa amalize. Mzee alipomaliza, mambo yalikuwa wazi. Ndugu zake Swabra, wakazi wa Rumonge, walikuwa wameomba masheikh wa mtaa wakae Ijumaa hii, miaka minne ikitimia, watangaze kwamba mwanamke huyo amemaliza kumngoja mume aliyepotea, arudi kwao na aolewe. Ujumbe uliingia wiki mbili kabla ya kikao hicho. Masheikh walitamka kwamba hawatakaa mpaka polisi waseme kama sauti hiyo ni ya kweli.

"Namba iliyoutuma?"

"Imezimwa. Nimepiga mpaka mashine imenichoka."

"Tumeiuliza kampuni ya simu," alisema inspekta. "Laini ilinunuliwa sokoni Muyinga, ikatumika mara moja tu, Jumanne ile ile ulipopata ujumbe."

"Basi. Ijumaa mi napanda gari kwenda Muyinga. Nitalala msikitini mpaka nimuone."

Inspekta alitazama miguu ya mzee, ambayo ilikuwa imevimba kiasi kwamba viatu vilikanyagwa visigino. Daktari alikuwa amemkataza hata kupanda kilima cha soko.

"Nipe siku mbili, mzee wangu."

"Mbili. We si mtu wa maneno mengi, nitakuamini. Lakini ya tatu sikuombi ruhusa."

*

Msikiti wa karibu na soko la Muyinga ulitunzwa na Mahmudu, mwanamume mwembamba aliyefagia ua kana kwamba anaudai jambo. Alisoma kitambulisho cha inspekta pande zote mbili, akamwagiza ajifunike kitambaa kichwani na kuvua viatu, kisha akamfungulia mlango.

Inspekta Efrazia alisimama katikati ya ukumbi, akainua mikono, akapiga kofi moja kubwa.

Sauti ilikufa papo hapo. Alipiga tena karibu na mihrabu, kisha pembeni, kisha chini ya dirisha. Kote ilikuwa vile vile.

"Afande," alisema Mahmudu kutoka mlangoni, "umetoka Gitega kuja kunipigia makofi? Hata siku ya harusi yangu sikupata mengi hivyo."

"Zulia hili limewekwa lini?"

"Ramadhani iliyopita. Na ile dari ya mbao juu, siku ile ile. Mbele ya hapo, enfin, msikiti huu ulikuwa kama tangi la maji. Imamu akisema neno moja, we unasikia matatu."

"Mbele ya Ramadhani, basi, sauti ingerudi."

"Ingerudi na ndugu zake wote."

Inspekta aliandika jambo hilo katika daftari. Lilikuwa na uzito: huenda Husni alisimama hapa zaidi ya miezi tisa iliyopita, akarekodi maneno yake, na mtu mwingine akayatuma baadaye. Alimwonyesha Mahmudu picha. Mahmudu aliitazama kwa makini.

"Huyu namkumbuka. Muuza vitenge. Alikuwa anasali hapa akipita. Lakini ni zamani, mama. Miaka."

"Una hakika si mwaka jana?"

"Mi nahesabu viatu mlangoni kila siku. Viatu vyake sikuviona tena."

Inspekta alitoka uani kuvaa viatu vyake. Akiwa ameinama, jogoo wa jirani aliwika nyuma ya ukuta. Aliacha kufunga kamba. Jogoo aliwika tena: sauti kali, kavu, isiyo na chochote nyuma yake, iliyopotea hewani mara ilipotoka. Inspekta alitoa simu, akausikiliza ujumbe hadi penye jogoo, akarudia, akarudia mara ya tatu huku ameibana simu sikioni.

"Bwana Mahmudu, jogoo huingia msikitini kwako?"

"Kwangu? Akiingia anatoka akiwa mchuzi."

"Lakini huyu wa kwenye simu amewika ndani ya jumba. Sikiliza. Ana mkia ule ule alio nao Husni."

Mahmudu alisikiliza, akakunja uso. "Ni kweli. Jogoo wa nje anawezaje kulia kama yuko ndani?"

"Hawezi," alisema inspekta. "Hapo ndipo penye uongo."

*

Duka la Moez lilikuwa hapo hapo Muyinga, kwenye barabara ya soko, limejaa vipaza sauti hadi darini. Babu yake aliuza chumvi na mafuta ya taa katika chumba kile kile. Yeye aliagiza vyombo vya sauti kutoka Dubai na kuvifunga misikitini, makanisani na kwenye kumbi za harusi. Aliuchomeka ujumbe katika spika mbili kubwa, akasikiliza akiwa amefumba macho. Kwenye jogoo alicheka, na mwishoni akaacha kucheka.

"Mama inspekta, huu si msikiti. Wala si jumba lolote. Hii ni kazi ya kompyuta."

"Nieleze kama unavyomweleza mteja asiyejua."

"Bon." Moez alivuta kiti. "Ukisema neno ndani ya ukumbi, sikio linapata kwanza neno lenyewe. Halafu linapata neno lililogonga ukuta wa karibu, halafu la ukuta wa mbali, halafu yale yaliyogonga mara mbili, mara kumi, mpaka yanakuwa moshi tu. Sasa, ndani ya kompyuta sauti ni nambari tupu, elfu arobaini na zaidi kwa kila sekunde. Unaiambia mashine: chukua nambari hizi, zicheleweshe kidogo, zipunguze nguvu, zijumlishe juu ya zenyewe. Tena. Tena. Mara elfu. Mtu ameimba ndani ya kabati, we unasikia ameimba ndani ya kasri."

"Na mashine haichagui cha kuupa mwangwi."

"Haina akili hiyo. Kila kilicho kwenye rekodi kinapata. Mtu akipumua, pumzi inapata. Jogoo wa uani akiwika, na yeye anaingizwa kasrini."

"Unaweza kujua ni nani aliyefanya?"

Moez alisita. Alirudisha ujumbe mwanzoni na kuongeza sauti. "Sikiliza neno 'baba'. Baada ya 'ba' ya mwisho. Umesikia? Pa, kama bati limetikisika."

Inspekta alisikia: mlio mdogo wa chuma, nusu sekunde nyuma ya neno.

"Kuna njia ya pili ya kutengeneza mwangwi," Moez aliendelea taratibu. "Unaenda mahali pa kweli, unapasua puto, unarekodi jinsi mahali penyewe panavyojibu. Jibu hilo unalipa kompyuta, na yenyewe inaijibu kila chembe ya sauti vile vile. Mi na kijana mmoja tulifanya hivyo huko Gasorwe, ndani ya ghala tupu la kahawa. Mlango wake wa chuma ulikuwa umelegea, puto likipasuka unagonga. Nilimwambia turudie, akakataa, akasema hakuna atakayesikia. Kila kaswida anayorekodi ina mlango ule ndani yake."

"Jina lake."

"We mama, ni mteja wangu."

"Na mimi ni mgeni wako. Jina lake."

"Zakaria. Studio iko Magarama, nyuma ya kinyozi." Akashusha pumzi. "Na Jumanne ile unayoitafuta alikuwa hapa dukani. Alinunua nyaya."

Inspekta aliandika. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mashine za siku hizi huweza kuiga sauti ya mtu, ikasema neno ambalo hajawahi kulisema?"

"Ziko. Lakini si ile ya Zakaria. Kompyuta yake ukiiwasha inapiga chafya kwanza. Ile inaweza kukata na kushona tu. Neno lazima litoke kinywani mwa mwenyewe."

*

Katika safari ya kurudi, gari la polisi likipanda na kushuka vilima vya Karuzi, inspekta aliandika mistari mitatu na kuipigia mstari chini.

Ujumbe umeshonwa kwa vipande, na mwangwi umepakwa juu ili kuficha mishono, jinsi fundi apakavyo lipu juu ya matofali yasiyolingana.

Vipande vya zamani haviwezi kujua jina la mtoto aliyezaliwa baada ya safari.

Kwa hiyo kipande kimoja si cha zamani.

*

Kuta za studio ya Zakaria zilifunikwa kwa trei za mayai na mablanketi, na neno likitamkwa mle ndani lilianguka miguuni pa msemaji. Zakaria, mwanamume wa miaka thelathini na mitano mwenye ndevu zilizotunzwa vizuri, aliinuka haraka mno.

"Karibu, afande. Ni kwa ajili ya kaswida? Tuna bei ya—"

"Ni kwa ajili ya mlango wa ghala la Gasorwe."

Akakaa.

"Fungua kazi ya Husni," alisema inspekta. "Ukiifuta mbele yangu, utaifutia gerezani."

Kompyuta ilichukua muda wake. Hatimaye vipande vinne vilijipanga kwenye kioo kama mabaki ya vitambaa, na chini yake ulikuwa mstari mmoja mrefu.

"Mstari huu ni nini?"

"Ni mwangwi. Bila mwangwi, watu wanasema kaswida imeimbwa jikoni."

"Uzime. Cheza."

Jumba likatoweka. Zilibaki sauti nne zisizofanana. Katika salamu ya kwanza mvua ilipiga bati. Katika maneno ya Muyinga kulikuwa na pikipiki, na jogoo, sasa mkavu kama wa uani. "Nisubirini" ilitoka ikiwa imebanwa, kama ya mtu anayetembea. Lakini kipande cha nne, "Mumtunze Raissa, mumsomeshe", kilikuwa safi. Hakikuwa na mvua, wala barabara, wala ndege.

"Vitatu vya kwanza?"

"Ni sauti za simu za zamani, alikuwa anazituma akiwa safarini. Nililetewa."

"Na nani?"

Zakaria alitazama sakafu. "Mama Raissa. Swabra mwenyewe. Alisema: nipe mwezi mmoja tu masheikh wasinifungie mlango, atarudi. Akalia hapa ulipokaa."

"Nawe ukaichukua laini Muyinga ukamtumia mzee wa watu, ambaye sasa anataka kusafiri kwa miguu iliyovimba."

"Sikufikiri mzee atakuja polisi."

"Kipande cha nne kilirekodiwa wapi?"

Zakaria alishika kipanya, akakiachia.

"Chumba kisichorudisha sauti," alisema inspekta, "nimekiona kimoja tu hapa Gitega. Nimekaa ndani yake. Husni alikaa kiti gani, Zakaria? Hiki?"

Zakaria alijifunika uso. Alipozungumza, alizungumza ndani ya viganja.

"Ijumaa, tarehe ishirini na moja mwezi wa pili. Wiki moja mbele ya Ramadhani. Alikuja saa ya sala, wanaume wote wako msikitini. Mi nilikuwa mgonjwa, nilibaki. Nikafungua mlango, ni yeye, tuliyekua pamoja mtaa huu. Alisema ana bibi mwingine huko ng'ambo, na mtoto, na aibu imemfunga miguu. Akauliza mtoto wake hapa anaitwa nani. Nikamwambia. Akasema: rekodi. Halafu akaondoka mbele watu hawajatoka kusali."

"Kutoka hapa hadi kwa baba yake ni hatua ngapi?"

"Mia nne. Hazifiki."

"Na ujumbe wenyewe hukuufikisha."

"Nilienda mara tatu. Mara ya kwanza mtoto ndiye aliyenifungulia. Afande, ningeanza vipi?" Alifuta uso kwa kiganja. "Halafu Swabra akaja na vipande vyake. Nikasema moyoni, angalau ndani yake kuwe na neno moja la kweli."

Inspekta alisukuma karatasi na kalamu mbele yake. "Andika yote uliyosema, kwa tarehe. Mimi namleta mwenye haki ya kuusikia."

*

Swabra alikuja akiwa na unga mikononi, kwa kuwa alikuwa akikanda maandazi ya kuuza shule inapotoka. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu. Alipoiona kompyuta imewashwa alielewa, na hakujitetea.

"Vipande vitatu nilivitoa mi," alisema. "Nifunge, afande, lakini baba mkwe asijue kwa mdomo wa mtu mwingine."

"Na cha nne?"

"Cha nne nilikisikia siku ile ile aliyokisikia yeye. Mzee alikuwa anaruka kama mtoto. Mi nilishika ukuta."

"Ulijua hukukitoa wewe. Wiki mbili nzima, studio iko hatua mia nne. Kwa nini hukuja kumwuliza Zakaria?"

"Angenijibu."

Zakaria alijikohoza kutoka pembeni. "Dada Swabra, nisamehe. Mi—"

"Cheza," alisema Swabra. "Yote. Na usiniwekee jumba."

Zakaria alibofya. Sauti ya Husni ilitoka kavu, karibu, kana kwamba mwenyewe amekaa nao na magoti yake yanagusana na yao.

"Swabra, ni mi. Nipo hai. Usinisubiri. Nimekuacha talaka moja. Mungu shahidi, na Zakaria huyu shahidi. Mumtunze Raissa, mumsomeshe. Baba mwambie we, mi sina mdomo wa kumwambia."

Hapakuwa na mkia wowote. Neno la mwisho lilikatika, na kilichofuata kilikuwa kimya cha chumba.

Swabra hakulia. Alitazama vidole vyake vyenye unga, kisha akaanza kuhesabu kwa kidole gumba, akitamka polepole kama anayemfundisha mtoto.

"Mwezi wa pili mwishoni. Ramadhani, moja. Mfungo mosi, mbili. Mfungo pili, tatu." Aliinua uso kwa Zakaria. "Eda yangu imekwisha mbele ya Idi ya kuchinja."

"Ndiyo, dada."

"Siku ile nilivaa ile nguo ya kijani, nikapika, nikaweka sahani yake mezani. Watu wakanicheka. Nikawaambia mume wa mtu haondolewi sahani." Alikunja vidole alivyohesabia. "Na mi sikuwa na mume. Nilikaa eda na kuimaliza, sina habari kwamba nimekaa."

"Nilidhani nakuhurumia," alisema Zakaria.

"We ulinihurumia. Miezi kumi yangu umeiweka ndani ya hiyo mashine yako, pamoja na kaswida." Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akamgeukia inspekta. "Afande, maneno yangu nitaandika kesho asubuhi, sitakimbia. Leo niache niende kwa mzee. Unaweza kunifuata, ila usiseme kitu."

Inspekta aliwaza juu ya kanuni, akatazama saa yake, akakubali. Swabra aliomba ujumbe mzima uwekwe kwenye simu yake. Zakaria aliuhamisha. Inspekta alichukua nakala kwa ajili ya jalada, akaandika saa na dakika.

*

Mzee Sefu alikuwa barazani, akinyoosha sare za shule kwa pasi ya makaa. Alipowaona wanawake wawili wakija pamoja aliinua pasi na kubaki nayo mkononi.

"Baba," alisema Swabra, "Husni yuko hai."

"Mi nilisema! Afande, sikukwambia?" Uso wote wa mzee ulifunguka. "Iko Muyinga?"

"Hapana. Yuko ng'ambo. Ana nyumba nyingine huko, ana bibi na mtoto. Ile sauti uliyopewa niliishona mi, na Zakaria. Niliogopa Ijumaa. Nimekukosea sana, baba."

Moshi mwembamba ulipanda kutoka kwenye pasi.

"Lakini iko sauti ya kweli," Swabra aliendelea. "Alipita hapa Gitega mwezi wa pili. Ameniacha kwa mdomo wake. Na amesema mi ndiye nikwambie, kwa sababu yeye hawezi. Hatarudi."

Inspekta Efrazia, aliyesimama kando ya ngazi, aliona mzee akiiweka pasi juu ya kigae chake kwa uangalifu, isiunguze shati la mtoto wa watu. Akavuta kigoda. Akakaa.

"Unayo hapo?"

"Ninayo. Lakini baba, inasema ninayokwambia. Haina kitu kingine."

"Nimesikia inachosema. Mi nataka kumsikia yeye. Iweke."

Swabra alipiga magoti sakafuni na kuinua simu hadi sikioni pa mzee, akabonyeza. Kabla ya neno la kwanza, ndani ya kile chumba kisicho na mwangwi, Husni alivuta pumzi, ndefu, ya mtu anayejiandaa.

Mzee Sefu aliinua kidole.

"Simamisha hapo," alisema. "Rudisha. Nitakwambia lini uache iendelee."